Boksi la kumwagilia mrehani: uma nimeutupa, pampu imebaki

Mimi ni fundi cherahani, si fundi umeme. Nayasema haya mapema ili anayetafuta utaalamu ajue amebisha hodi mlango gani. Nashona magauni ya harusi Michenzani, Unguja, ghorofa ya tatu, na kwenye roshani nina mimea minane: makopo sita ya mrehani, moja la waridi, na pipa lililokatwa nusu lenye asumini. Si pambo. Bibi harusi akija kuchukua gauni mara nyingi huchukua na vikuba vyake, vile vishada vya maua vya kuvaa kifuani, hapohapo, na kikuba bila mrehani mbichi ni kama gauni lisilokunjwa pindo.

Mwaka jana nilikwenda Wete, Pemba, kwenye harusi ya binamu yangu nikakaa siku kumi na moja. Kaskazi imeshika, jua la saa tisa linaingia roshani nzima. Makopo nilimwachia mama, na mama anakaa Jang'ombe na magoti yake na ngazi hayaelewani. Alipanda mara mbili, Mungu amlipe. Niliporudi mrehani ulikuwa ukiugusa unavunjika kama majani ya chai. Harusi tatu za mwezi ule nilinunua mrehani wa watu.

Mtoto wa dada yangu, yupo skuli ya sekondari na siku nzima ana waya mkononi, ndiye aliyeniletea habari. "Mama mdogo, kuna boksi linauzwa mjini, lina kila kitu. Linapima udongo, likiukuta mkavu linamwagilia lenyewe." Nikampa pesa, lakini nikamfuata nyuma, maana mteja wa kitambaa hamtumi mtoto dukani.

Duka liko upande wa Darajani, jina nalihifadhi. Mbele wanauza vifuniko vya simu na spika, na vitu hivi vya mafundi vimo kwenye kabati la kioo nyuma, vimefunikwa vumbi. Shilingi 65,000, hakupunguza hata mia tano. Nikamuuliza muuzaji hiki kipimo kinakaa muda gani udongoni. Akanitazama kama niliyeuliza umri wa chumvi. "Dada, hiki ni orijino."

Ndani mlikuwa na bodi ya Arduino ya buluu, yaani kompyuta ndogo inayofuata programu utakayoiandikia, kipimo chenye miguu miwili kama uma, bodi nyingine ndogo ya kuunganishia huo uma, rilei moja (swichi inayowashwa na kuzimwa na bodi), pampu ndogo ya kuzama majini inayoingia kiganjani, mpira wa plastiki wa mita moja, waya za rangi na waya wa USB. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kichina upande mmoja na upande wa pili Kiingereza ambacho hata mwalimu wa kijana alikicheka. Bodi yenyewe haina jina la kiwanda. Kijana akanituliza: Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, na walioibuni waliacha ramani yake wazi, kwa hiyo yeyote anaweza kuitengeneza. Nikamwelewa. Ni karatasi ya kukatia gauni iliyoachwa barazani, kila fundi ataichukua, na ubora utauona kwenye mshono. Bodi haijanisumbua hata siku moja, basi naiacha hapo.

Shida ni ule uma.

Namna unavyofanya kazi ni rahisi hata mimi nimeielewa. Umeme unatoka mguu mmoja, unapita kwenye udongo, unaingia mguu wa pili. Udongo ukiwa na maji umeme unapita kwa wepesi, ukiwa mkavu unapita kwa taabu, na bodi inageuza taabu hiyo kuwa namba kati ya 0 na 1023. Vizuri. Lakini maji ninayomwagilia mimi si ya mfereji kila siku. Mfereji ukiwa mkavu nateremka na ndoo hadi kisimani, na maji ya kisima kile yana chumvichumvi. Ukioshea nywele utajua. Chumvi nayo hupitisha umeme. Kwa hiyo kopo lililomwagiliwa maji ya kisima likawa linasoma "nimeshiba" na huku majani yamelala. Kijana akadhani programu ina kosa, akaiandika upya mara mbili. Programu haikuwa na kosa. Uma ulikuwa unaonja chumvi na kusema maji.

Siku ya kumi na saba niliuchomoa niusafishe. Mguu mmoja ulikuwa umeota ukijani kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa, na ile ngozi ya metali imeliwa, imebaki mistari. Nilipopitisha kucha ikatoka. Hii si bahati mbaya ya kipande changu. Umeme ukipita upande mmoja tu, saa ishirini na nne, ndani ya udongo mbichi, mguu wa chanya lazima uyeyuke kidogo kidogo, na shaba yake inaishia kwenye kopo. Mrehani wenyewe ndio tunauvaa kifuani na wengine wanauchemshia chai! Dawa ya nusu ipo: usiuunge moja kwa moja kwenye umeme, uunge kwenye pini ya bodi, na programu iiwashe pini hiyo kwa sekunde moja tu wakati wa kupima, kisha izime. Mara moja kwa nusu saa inatosha kabisa, mmea haunywi kwa haraka kuliko hivyo. Ukifanya hivyo uma utaishi muda mrefu zaidi, ila chumvi itaendelea kuudanganya. Muuzaji aliyeniambia orijino alistahili kuniambia na hili.

Tukaagiza kipimo cha aina ya pili kutoka Dar es Salaam, kikavuka na boti ndani ya bahasha: shilingi 12,000 bila nauli. Ni kibao cheusi kirefu kama kichanuo kisicho na meno, kimechongoka mbele. Hakina metali iliyo wazi upande unaoingia udongoni. Hakipitishi umeme kwenye udongo. Kinapima jinsi udongo ulio kandokando yake unavyohifadhi chaji, na maji yanahifadhi chaji mara nyingi kuliko udongo mkavu au hewa. Kwa hiyo chumvi ya kisima changu haikisumbui kama ilivyousumbua uma, na hakuna cha kuliwa na kutu. Kimo udongoni mwezi wa tano sasa.

Ila kina mambo yake. Kwanza, namba zake zinakwenda kinyume: maji yakiongezeka, namba inashuka. Pili, kule juu zilikokaa zile chembe za umeme hakuna kinga yoyote, na kingo za kibao ziko wazi, zinanyonya maji kama pindo la shuka lisiloshonwa. Mimi nilizipaka rangi ya kucha, mipako mitatu, nikaacha kila mmoja ukauke, na kichwa nikakifunika kwa silikoni ya kuzibia madirisha. Rangi niliyokuwa nayo ni nyekundu ya damu ya mzee, kwa hiyo kipimo changu kimevaa kama bibi harusi. Usikizamishe kupita ule mstari uliochorwa. Tatu, ukinunua, piga picha ya ile chembe nyeusi ya juu kwa simu, ukuze, usome. Ikiwa imeandikwa TLC555 chukua. Ikiwa NE555, hiyo inataka umeme usiopungua volti 4.5, na kibao kinapunguza umeme kabla haujaifikia, kwa hiyo itakupa namba za ndotoni. Tuliagiza viwili, kimoja kilikuwa hivyo. Tulikirudisha, na yule wa Dar akabadilisha bila maneno.

Sasa, namba. Hapa ndipo watu wengi watakapokata tamaa, na hapa ndipo nilipopapenda. Kipimo hakijui maana ya "kavu." Kinajua namba tu. Hewani kilisoma 598, ndani ya glasi ya maji 271. Ukitazama mtandaoni kila mtu ana namba zake, na usichukue ya mtu, kama usivyokata gauni kwa kipimo cha kiuno cha jirani. Udongo wangu ni mchanganyiko: kinongo chekundu alichoniletea shemeji kutoka shamba, kichanga kidogo, na usumba wa nazi niliouchambua mwenyewe. Usumba unashika maji kwa siku, kichanga kinayaachia ukigeuza uso. Nilipokichomeka kwenye kopo la waridi, ambalo lina kichanga zaidi, namba zilikuwa nyingine kabisa ingawa yote mawili nimeyamwagilia saa moja.

Kijana alitaka agawanye kati ya 598 na 271 apate asilimia, amalize. Nikamwambia ngoja. Nikaliweka kopo la mrehani juu ya mizani ya jikoni. Nikalimwagilia hadi likavuja chini, nikaliacha litulie: kilo 4.1, kipimo 338. Kila asubuhi kabla sijakaa kwenye cherahani naandika uzito na namba kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma. Siku ya pili 371. Siku ya tatu alikuja mama. Sikumwambia kitu, nikamsogezea kopo. Akaingiza kidole mpaka pingili ya pili, akakitoa, akakisugua kwa dole gumba.

"Huu bado hauna kiu."

Skrini ya kompyuta ilisema 412. Akalala kwangu siku ile kwa sababu ya ngazi zilezile. Asubuhi mizani ilisoma kilo 3.6, na kabla sijamuuliza alikuwa ameshakwenda roshani na kidole chake. "Huu mpe maji." Skrini: 463. Majani bado yamesimama, ila yale ya ncha yameanza kulegea kama mikono ya mtu mwenye usingizi. Tukaandika 460. Kwa hiyo hiyo 460 iliyomo kwenye programu yangu ni kidole cha mama, na kijana ameniandikia hivyohivyo pembeni ya mstari: "kidole cha bibi."

Jambo jingine la programu ambalo boksi halikutufundisha: usiseme "mwagilia mpaka namba ishuke." Maji yanachukua dakika kadhaa kuteremka hadi kwenye kipimo, na wakati huo pampu inaendelea kumimina, namba inaposhuka kopo limeshakuwa bwawa. Yetu inamwaga sekunde hamsini, inasubiri dakika ishirini, inapima mara kumi na kuchukua namba ya katikati, ndipo inaamua tena. Nilipima pampu kwa jagi: kwenye urefu wa makopo yangu inatoa lita moja kwa sekunde hizo hamsini. Nayo lita ikigawanywa na makopo saba kila moja linapata kidogo, na hiyo ndiyo nia.

Pampu ilinipa aibu mbili, na zote haikuwa kosa lake.

Ya kwanza, tulipoiunga ilifanya kazi kinyume: udongo ukiwa rojo inamwaga, ukikauka inanyamaza. Rilei za bei hii nyingi huwaka pini yake inaposhushwa hadi sifuri, si inapopandishwa. Kijana aliandika kama alivyofundishwa kuwashia taa. Kubadilisha maneno mawili, imekwisha.

Ya pili ilishuka ghorofa nzima. Ndoo ya lita ishirini niliiweka juu ya kigoda ili nisiiname kuijaza, na makopo yako chini sakafuni. Pampu ikawaka, ikamwaga sekunde zake, rilei ikalia "tak," ikazima. Nikarudi kwenye gauni nikafurahi. Maji hayakurudi. Mpira ulikuwa umeshajaa, na maji yakishapata njia ya kuteremka hayangoji pampu, yanavutana yenyewe mpaka ndoo ikauke. Lita kumi na nane na kitu zilipita kwenye makopo, zikapita kwenye roshani, zikashuka juu ya kamba ya jirani wa chini, aliyekuwa ameanika mashuka ya wageni wake kutoka Muscat. Maji yenye kinongo chekundu. Niliyafua mashuka yale mimi mwenyewe, kwa mikono, na nikampelekea na sahani ya visheti. Sasa ndoo iko sakafuni, makopo yako juu ya matofali, midomo ya mipira iko juu kuliko maji ya ndoo, na kwenye mpira, ndani ya ndoo lakini juu ya maji, nimetoboa kitundu kwa sindano ya cherahani namba 16. Pampu ikizima, hewa inaingia hapo, mvuto unakatika. Hakikisha kitundu kimeelekea ndani ya ndoo.

Mpira wa mita moja uliokuja na boksi hautoshi hata makopo mawili. Nilinunua mita nne Mwanakwerekwe.

Umeme nao. Ukiunga pampu na bodi kwenye chaja moja ya simu, pampu inapoanza inavuta kwa nguvu, bodi inazimia, inawaka upya, inaona kavu, inawasha pampu, inazimia. Tulisikia "tak tak tak" usiku kucha nikadhani ni panya. Chaja mbili, moja ya bodi, moja ya pampu, zimemaliza. Kijana akaongeza dayodi ndogo ya 1N4007, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye miguu ya pampu, mstari wake upande wa chanya, ili ule mrushio wa umeme pampu inapozimwa usirudi kuumiza vitu vingine. Umeme wa nyumba ukikatika na kurudi, bodi inaianza programu yake upya tangu mwanzo; programu haifutiki. Lakini sisi tuliokuwepo hapa Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima gizani, hatuamini kitu chenye plagi. Nikajaribu pawabenki. Nyingi zikiona kinachovutwa ni kidogo zinadhani simu imejaa, zinajizima zenyewe, na bodi hii peke yake inavuta kidogo. Yangu ilizima baada ya nusu dakika. Nimerudi kwenye plagi na dua.

Februari nilikwenda Wete tena, arubaini ya bibi yake mume wangu, siku tisa. Boti mpaka Mkoani, gari mpaka Wete, na njia nzima nikiwaza ndoo. Mama nilimwomba asipande, isipokuwa siku ya tano amtume kijana aongeze maji, maana pampu hii ikikaukiwa inazunguka hewani na kuungua, na boksi halina kitu cha kuizuia. Niliporudi niliingia roshani na buibui langu bado kichwani. Mrehani wote sita umesimama. Mmoja hata umechanua, jambo ambalo silitaki kwa sababu jani linapungua, lakini siku ile niliutazama tu. Waridi zima. Ndoo ilikuwa na maji kiasi cha kata mbili.

Asumini ndiyo iliyoumia. Majani ya chini yamegeuka manjano, na udongo ukiuminya unatoa maji. Kosa langu. Kipimo kimoja kiko kwenye kopo moja la mrehani, na mrehani ni mlevi wa maji. Kila ukiona kiu, wote wanalazimishwa kunywa. Pipa la asumini ni kubwa, lina udongo mwingi, halikauki haraka hivyo. Nimeitoa kwenye mpira, naimwagilia kwa kata kama zamani, na imeanza kutoa vichipukizi. Ukitaka mimea ya tabia mbalimbali, kila kundi na kipimo chake na pampu yake. Boksi linasema "mpaka mimea kumi." Labda kumi ya ndugu wa baba mmoja mama mmoja.

Kwa hiyo boksi nalipa nyota mbili, na zote mbili ni za bodi na pampu. Kibao cheusi nakipa nne. Ya tano ataipata atakayekiuza kimeshazibwa kingo. Kama unaanza leo usinunue boksi, nunua kipande kimoja kimoja na uma uwaachie. Kama una kijana wa skuli nyumbani, mpe kazi hii kabla hujampa simu mpya. Na kama huna mtu wa kukuandikia programu, mtafute kwanza, kwa sababu vitu peke yake kwenye kabati la kioo haviwezi kumwagilia hata mchicha.

Wiki iliyopita jirani wa chini alinisimamisha kwenye ngazi. Ana tungule na pilipili kwenye madebe, na mwezi wa Ramadhani anakwenda kwa mwanawe. Akataka kujua bei, nikamwambia. Akataka kujua kama kijana atamfungia, nikasema atafunga. Akafikiri kidogo, mkono kwenye ukuta.

"Nifungieni," akasema. "Lakini ndoo naiweka mimi."